Eda ya Siwema

Mama, shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisingekuamkia ungenifinya hukohuko uliko.

Habari ya hapa Jangwani ni ng'ombe wako. Tangu tukuzike, Siwema akagoma. Pumba anamaliza zilezile, ndoo ya maziwa haifiki nusu, na ukimgusa kiwele anarusha teke. Mwenye mgahawa kule Kariakoo akaanza kutununia.

Jirani yetu Bi Mwanaidi akaja na yake: "Huyo anamlilia mwenziwe. Mwacheni akae eda." Eda, Mama! Ng'ombe! Nikamuuliza kaolewa lini na nani. Akasema nina mdomo kama marehemu mama yangu. Basi wakamfunga kitambaa cheupe shingoni, watu wakawa wanapita kumpa pole.

Baba yeye akaona dawa ni kumdanganya. Balozi mzima wa nyumba kumi, juu shati la Chama, chini kajifunga khanga yako ya "Mtasema mchana, usiku mtalala", eti Siwema asikie harufu yako. Na sauti kaibana: "Tulia mwanangu, tulia." Teke alilopigwa! Ndoo huku, balozi kule. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, maana sauti yako aliipatia kweli.

Ndipo Baba mdogo akasema basi, Jumamosi aende buchani, hatuwezi kulisha mfiwa. Buchani, Mama! Ulipokuwa kitandani ulituomba kitu kimoja tu, Siwema asichinjwe. Nikatoka mbio kumwita bwana mifugo.

Akaminya chuchu, yakatoka madonge. Akakitazama kile kitambaa cheupe, akatutazama sisi. "Huyu hana msiba. Ana ugonjwa wa kiwele, mnamlaza kwenye tope. Ng'ombe mgonjwa anakula kama ng'ombe, anatoa kama mbuzi." Akamtia dawa, akatuamuru tumkamue mpaka tone la mwisho na maziwa yote tuyamwage hadi dawa iishe mwilini. Bi Mwanaidi kuona maziwa yanamwagwa, alishika kichwa akaenda kulala. Sisi tukazoa tope, tukamwaga mchanga na maranda makavu.

Amepona, Mama. Ndoo inajaa, mgahawani tunachekewa tena. Kitambaa nilikivua mwenyewe.

Khanga ndiyo bado. Kila alfajiri Baba anajifunga, anaenda bandani, anabana sauti. Jana nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Baba, Siwema si amepona?"

Akasema, "Siwema amepona."

Nikanyamaza. Mimi, Mama, nikanyamaza!

Haya, pumzika. Banda nitalifagia kila siku, na buchani haendi mtu. Hiyo khanga sitaifua. Akiniuliza mtu, nitamwambia sabuni imeadimika.

Mwanao mwenye mdomo wako,
Tatu