Aliyeingia kwa Ufunguo

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Wajukuu je, kikohozi kimepoa? Mimi mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Bora usikie kwangu kabla ya kusikia ya mtaani: jana saa tisa alasiri nilimpiga mtu risasi humu ndani.

Nilikuwa nimejilaza, goti likinisumbua. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguka. Haukuvunjwa, ulifunguka kwa ufunguo, taratibu, kama wa mwenyewe. Nikachukua bastola kabatini, nikatokea ukumbini, nikamkuta mwanamume nisiyemjua anachungulia vyumba. Nikapaza sauti: "Simama!" Basi, ikalia. Imempata mguuni. Yuko hospitali, analindwa.

Polisi wamechukua bastola na leseni yake. Mimi niliyewafungia watu milango ya gereza miaka ishirini na minane, jana nimeandikishwa maelezo kama mtuhumiwa, nikadhaminiwa na jirani yangu mwashi.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Pole sana. Sisi hatujambo, kikohozi kimekwisha, lakini barua yako imetushtua. Mama, haki ni yako. Nyumba yako, mtu hukumwita! Huyo ni mwizi tu, ufunguo kauchongesha mahali. Polisi walinipigia simu, nikawaambia hivyo hivyo. Usikubali maneno yake.

Ni mguu gani, Mama? Ataweza kutembea?

Mwanao, kifungua mimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru hamjambo. Goti langu ni lile lile.

Nilidhani mambo ni mepesi: kaingia kwangu, nimempiga, yamekwisha. Wakili kanitoa tongotongo. "Alivunja mlango? Alikuwa na silaha? Alikuwa anakujia?" Anasema sheria inakuruhusu kujikinga na hatari iliyo mbele yako, kwa nguvu inayolingana nayo. Hatari ikishageuza mgongo, risasi yako ni kosa, hata kama mtu bado kakanyaga zulia lako. Na daktari ameandika kwamba risasi iliingilia nyuma ya paja.

Tuje kwako. Mtu huyo ni dalali wa nyumba. Anasema ufunguo alipewa na binti yangu. Polisi wanasema binti yangu anakana kumjua. Barua yako nimeisoma mara nne. Kazi ilinifundisha kusikiliza maswali kuliko majibu: mtu anayeuliza ni mguu gani, mwenye mguu anamjua.

Ufunguo niliokupa wakati wa msiba wa baba yako uko wapi? Nijibu kwa mkono wako.

Mama yako

23 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Wiki tano kimya, simu hupokei. Juzi nimempata mumeo, kasema umetoka. Nyuma yake nikasikia cherehani inakimbia, na najua yeye hata kifungo hashoni.

Kesi ni tarehe ishirini na sita Mei: mimi kwa kujeruhi, dalali kwa kuingia nyumba ya mtu kwa nia ya kuiba. Wakili ana furaha. "Binti yako akishikilia hapo hapo," anasema, "hakimu ataona mwizi tu, nawe utarudi kwako." Nilipaswa kufurahi. Sijafurahi.

Mama yako, bado

6 Mei

Shikamoo Mama,

Sijui kama utaitikia. Ufunguo dalali nilimpa mimi. Nilitaka apime vyumba, atafute mnunuzi, kisha nikubembeleze uhamie kwetu. Nilijua siku hiyo unakwenda kliniki, sikujua imeahirishwa. Ulishakataa mara tatu, nikaogopa kukuuliza ya nne. Polisi walipopiga simu nilishtuka, nikasema simjui. Uongo ukishatoka unadai mwenzake.

Lakini na wewe Mama hujaniambia risasi ilipitaje nyuma.

Nimekwama. Nikisema kweli, yeye anatoka, wewe unaingia. Nikinyamaza, anafungwa mtu niliyemtuma mwenyewe. Mkewe ni mjamzito. Alinipigia, hakunitukana, alilia tu. Niambie nifanye nini. Utakalosema nitafanya.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sikukujibu kwa makusudi. Nilitaka kuona utafanya nini bila kuamriwa. Asubuhi ya kesi nilitazama mlango wa mahakama mpaka jina langu likaitwa. Hukuja.

Uliuliza risasi ilipitaje nyuma, nami nimejibu mbele ya watu. Wakili alinikanyaga mguu chini ya meza, nikausogeza. Nikamwambia hakimu: "Nilipomwambia asimame, aligeuka na kuinua mikono. Kisha akaanza kutoka. Nilimpiga akitoka. Hofu ilikuwa imeshapungua. Iliyobaki ilikuwa hasira." Hakimu akauliza habari za ufunguo. Nikampa barua yako.

Dalali ameachiwa palepale. Nje nilimkuta na magongo yake, mkewe kambebea mkoba. Aliniamkia. Nilitaka kuomba radhi, nikabaki nimeshika mkono wake mpaka mkewe akasema, "Mama, basi, inatosha."

Hukumu yangu ni Jumatatu. Wakili anasema huenda ikawa kifungo cha nje kwa ajili ya umri. Huenda pia isiwe. Bastola hairudi, wala siitaki. Nyumba siuzi.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Bado nakikumbuka kiti nilichokuwekea mahakamani kilivyokaa kitupu. Lakini wewe ni wangu, na ninayajua ya huko. Polisi watakuja kukuhoji kwa maelezo ya uongo uliyowapa, na huenda wakakuweka ndani. Useme yote, usichague. Na uvae soksi na sweta nene, mwanangu. Sakafu ya mahabusu ina baridi hata mchana.

Mama yako