Nimemkumbatia Besi Asiye Wangu

Loretta, shoga yangu, nimejiaibisha! Baada ya onyesho nimemkumbatia mwimba besi, ile sauti nzito ya chini, wa lile kundi la Newark tulilolipenda ujanani, nikalia juu ya koti lake jekundu: "Clyde, asante kwa kuniimbia harusini!"

Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, "Bibi, Clyde alishafariki. Mimi nimerithi nafasi yake, na koti."

Nikamtazama vizuri. Loretta, huyu angekuwa mwanangu! Siku ya harusi yangu alikuwa hajazaliwa!

Nikataka kukimbia, mimi na magoti yangu haya ya uzee! Akanishika mkono. "Usiende, bibi. Clyde aliuanzaje wimbo ule wa harusini kwako? Sisi waimbaji wapya hakuna aliyewahi kumsikia."

Nikamwimbia, dum-dum-dum, sauti kama ya chura. Foleni nzima ya mashabiki waliosubiri nyuma yangu kuwasalimia waimbaji ikaitikia. Kijana yule amefumba macho, anajifunza.