Huku Miezi, Huku Uzito

Jumanne, baada ya kliniki

Na mimi nilivyojidai! Hii kadi ya kliniki ya mwanangu nimemwonyesha mpaka balozi wetu wa nyumba kumi. Kila mwezi nukta ya Zuhura inasogea kulia, nami nafurahi kwamba mtoto anasonga mbele.

Leo nesi kaniuliza, "Mama Zuhura, unajua kuisoma?" Akapitisha kidole kwenye kadi. "Mstari huu uliolala ni miezi. Huu uliosimama ni uzito."

Kumbe kulia anakwenda kila mtoto, ale asile.

Nimeitazama tena. Nukta nne za mwisho zimelala kama ule mstari wa chini. Labda ni huu uji wa unga wa njano, au maziwa yangu, au...

Zuhura amenishika kidole, anacheka. Miezi mitatu mizima mwanangu ameongeza umri tu.