Mrukaji wa Tezo

Baba,

Sikuulizi hali, maana jibu silipati, na wewe mwenyewe hukupenda maswali ya kujazia nafasi. Nakuletea habari kwa mpangilio ulioutaka siku zote: kwanza lililotokea, kisha ninalolidhani, na machozi yakija yaje mwisho.

Mama ni mzima. Eda yake imekwisha. Nyumba yetu ya Shella, Malindi, iko vilevile, na ule mnazi wa uani ulioegemea ukuta wa choo bado haujaanguka, na Mama bado anasema ndio utakaotuua. Mimi ningali Kibarani kwenye duka la dawa. Nakwenda Malindi Ijumaa jioni, Jumapili narudi Kilifi. Hayo ndiyo yaliyo salama. Lililoharibika ni masanduku yako.

Nianzie siku ya mazishi. Walipokuwa wakikuosha, sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, na harufu ya kafuri ikajaa nyumba nzima. Kila mtu alijua ni kafuri ya maiti. Mimi nilijua nyingine inatoka kwenye masanduku, kwa kuwa ndiyo uliyokuwa ukiwawekea vipepeo wako wasiliwe na wadudu. Nikakaa nikinusa, nataka kujua ipi yako na ipi yao, nisiweze. Hapo ndipo nilipolia. Shangazi akaniambia nivute subira, nami sikuwa na namna ya kumweleza.

Nani angeelewa? Mtu akisikia kipepeo huwaza wale wenye mabawa makubwa ya buluu na manjano wanaofugwa na wakulima wa kandokando ya msitu, wakauzwa Ulaya. Wako wewe hakuna aliyewataka. Wadogo, rangi ya kahawia, kifua kinene, kichwa kikubwa, na zile papasi zao za kichwani zimepinda nchani kama ndoana. Jina hukulipata kwa wazee, ukawaita warukaji, kwa sababu hawapepei, wanachupa tu kutoka jani hadi jani kama waliorushwa. Mama aliwaita nondo. "Nondo zako hizo," alisema, "zitatufukuza nyumbani." Wewe ulicheka tu ukaendelea kupiga pini.

Nakumbuka ulivyoanza, au ulivyonisimulia. Ulikuwa bwana shamba bado, umeitwa kutazama minazi iliyokunjwa majani. Ukafungua kunjo moja, ukakuta kiwavi amejishonea nyumba kwa uzi wake mwenyewe. Wenye minazi walitaka dawa. Wewe ulitaka kujua atakuwa nani. Ukamweka kwenye chupa ya jemu, na siku aliyotoka akiwa na mabawa, basi tena, Mama akawa amepata mke mwenza.

Kuwapanga ulinifundisha nikiwa bado sijui hata kusuka nywele zangu. Ulisema jamii yao ni moja lakini ina milango, kama koo za watu, na mlango hautambuliwi kwa rangi. "Usimtazame alivyovaa, mwangalie anavyokaa." Kuna wanaotua na mabawa yote yamelala chapa, kama mkeka ulioanikwa. Kuna wale wakubwa, wenye haraka, wanaojificha chini ya jani na kuyafunga. Na kuna wa nyasini, wanaoinua ya mbele na kuyalaza ya nyuma, nusu wamefunga, nusu wamefungua. Hawa wa mwisho wako kila mahali, hata uani kwetu. Mpaka leo nikiona kitu kimetua dirishani pa duka la dawa, kabla sijajua ni nini, nimeshaangalia kinavyokaa. Wateja wanadhani nina kiburi.

Lakini kupanga kwako ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, na uliiona kubwa zaidi, ni kujua nani anaishi wapi na anakomea wapi. Ndiyo maana chini ya kila kipepeo, kwenye pini ileile, palikuwa na kikaratasi kidogo: mahali, tarehe, nani kamshika. Ulikiandika palepale shambani, umechuchumaa, jasho linadondoka. Mtu akikuambia ataandika nyumbani, ulimkatalia. Ulisema kipepeo asiye na mahali ni mzoga uliotandazwa vizuri.

Na kati yao wote alikuwepo yule wa Tezo.

Unajua ninamsema nani. Mdogo, mweusi mweusi, na madoa meupe mawili. Ulikuwa na safu nzima ya ndugu zake, wote uliwashika ndani ya msitu wa Sokoke, kwenye kivuli, na ulisema hawa hawakatizi uwanda, jua la wazi hawaliwezi. Kisha siku hiyo ukarudi kutoka Tezo, ukaingia hadi sebuleni na viatu vyenye matope, Mama anakupigia kelele, husikii. Umemshika mmoja kwenye kichaka kilichobaki katikati ya mihogo na minazi. "Rukia, msitu ulifika hapa!" Hukunisalimu hata. Kwako kile kichaka hakikuwa kichaka tena, kilikuwa kipande cha msitu kilichosahauliwa na mapanga, na shahidi wake ni mdudu mmoja asiyefika upana wa kidole changu. Ukampanga kwenye safu na ndugu zake. Tofauti yake nao ilikuwa kikaratasi.

Sasa sikiliza, na usinikatize.

Mama alikaa eda yake vizuri, kama alivyolelewa. Hatoki, hajipambi, hana pa kwenda. Mwanzo wageni walijaa nyumbani, kisha wakapungua, kila mtu ana yake. Mimi niko Kilifi. Siku zikawa ndefu. Akafua mapazia, akasugua masufuria mpaka yakatisha kwa kung'aa, akamaliza kila kitu cha kusafishwa ndani ya nyumba ile. Yakabaki masanduku yako. Akayafungua. Akaona vipepeo, na chini yao vijikaratasi vimeingia ukungu, wino umekwajuka, vimekaa upande. Alivichukulia kama vile vikaratasi vya dukani ambavyo mtu husahau kuvitoa kwenye nguo mpya. Akavitoa kimoja kimoja, kwa kibano cha nyusi, Baba, wala hakuvunja hata bawa moja. Halafu akawapanga upya: wakubwa katikati, wadogo wakizunguka, madoa meupe kwenye pembe, ua kamili, kama mji wa leso, lile pambo la katikati.

Ijumaa nilipofika alinivuta mkono kabla sijavua buibui. "Njoo uone nilivyompambia babako."

Loo! Nilisimama pale. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikauliza vikaratasi viko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ameshavichoma na takataka. Nikasema, "Umefanya kazi, Mama, mashaallah," nikaingia chooni nikafungua mfereji ili nisisikike.

Nilimkasirikia siku nyingi. Kisha hasira ikahama ikaja kwako, na bado iko kwako, nakuambia wazi. Mimi ulinifundisha. Wakulima ulisimama nao juani ukawaeleza. Hata yule muuza madafu wa njia panda alijua habari za yule wa Tezo. Mkeo, aliyefuta vumbi la vioo vile maisha yake yote ya ndoa, hukumkalisha hata siku moja ukamwambia kikaratasi ni cha nini. Ulidhani hataki kujua. Ulimuuliza?

Basi. Yule dada wa makumbusho uliyemwahidi masanduku akapiga simu kutoa rambirambi, akasema atakuja kuyachukua, na hasa amtazame huyo wa Tezo kwa macho yake, maana bila yeye hicho kichaka hakina wa kukisemea. Nikamwambia karibu. Sikumwambia zaidi.

Kabla hajafika niliketi mezani pako. Kalamu yako ilikuwapo, karatasi ngumu ilikuwapo, nikakata vikaratasi kwa ukubwa uleule. Mwandiko wangu ni wako, wewe ndiye uliyenishika mkono kunifundisha kuandika. Na wengi nawakumbuka, Baba, nilikuwa nawe. Huyu tulimshika Gede nyuma ya ule ukuta, huyu ni wa Mida siku ulipoteguka mguu. Nikaandika "Tezo" kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye uzito. Nikawaondoa weusi wenye madoa mawili kutoka pembeni mwa ua la Mama, nikawaweka mstarini, nikamtafuta wako. Nikakumbuka alichanika bawa la nyuma akipigana na wavu. Nikampata aliyechanika. Nikafurahi. Kisha nikamwona mwenzake, naye kachanika, na pembeni yake wa tatu.

Uongo wenyewe ungekuwa mdogo. Kweli ulimshika Tezo, kweli yuko humo. Kilichobaki ni kuchagua, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nikakisogeza kile kikaratasi kwa huyu, nikakisogeza kwa yule. Wallahi nilitaka. Lakini ulikuwa na neno moja ukilirudia mpaka linachosha: "Kama hujui, andika hujui." Nikakichana, na hao wa Gede na Mida nao nikawaacha, maana ningetakiwa kuapa ningeona nakisia tu. Nikawarudisha wote pembeni mwa ua, kila mmoja kwenye tundu lake.

Dada alikuja, akanywa sharubati, akayatazama masanduku muda mrefu. Alikuwa mstaarabu. Akasema wamehifadhika vizuri ajabu, lakini hawezi kuwaingiza kwenye ramani, na akaniuliza kwa upole kama nina lolote la kuonyesha yule wa Tezo ni yupi. Nikasema hapana. Akaondoka mikono mitupu.

Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango, hajamaliza eda, na dada alikuja na dereva mwanamume, hakuweza kuja kukaa nasi. Gari lilipoondoka akauliza kwa nini hakuchukua, si walikuwa wamekubaliana na marehemu? Nikamwambia. Sikumficha wala sikumzungushia. Nikamweleza kikaratasi ni nini, na Tezo, na kichaka. Halafu akasema, "Mbona hamkuniambia? Nyumba hii ya watu watatu, wawili wanajua." Akaingia ndani, chakula cha jioni hakukigusa.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja, akaoga, akavaa, wakamfukiza udi. Akaulizwa atakwenda wapi kwanza. Sote tulijua atasema Mambrui, kwa dadake. Akasema, "Nipelekeni Tezo."

Tukaenda, mimi na yeye. Nikabeba wavu wako. Nakupa habari ya kichaka kama ilivyo: sehemu kubwa imefyekwa, pamepigwa vigingi vya viwanja, pana rundo la mawe ya kujengea. Upande wa nyuma, kwenye mteremko, kimebaki kipande chenye kivuli. Tulikizunguka asubuhi nzima. Wako hatukumwona. Najua ungesema kutomwona siku moja si ushahidi wa kitu. Naliandika hivyohivyo: hatukumwona.

Mwenye shamba la jirani alitukuta, akamwamkia Mama, "Shikamoo, Bi mkubwa," akauliza mnatafuta nini na wavu huo. Mama akamjibu, "Kazi ya mume wangu." Nikageuza uso.

Kisha akaninyang'anya wavu. Alikuwa amemwona mmoja kwenye nyasi za njiani. Nikamwambia, mwangalie anavyokaa. Akainama, buibui limejaa vishada vya majani, akasema polepole, "Ya mbele juu, ya nyuma chini." Akamfunika. Mashaallah, mara ya kwanza, na wewe ulikosa mara ngapi! Alikuwa mrukaji wa nyasini, wa kawaida kabisa, anayepatikana hata chini ya mnazi wetu. Nikamwambia tumwachie, hawa tunao tele nyumbani. Akakataa kata kata. "Huyu ni wangu. Andika."

Nikachuchumaa palepale. Tezo, nyasi za njiani, kando ya kichaka. Tarehe. Mkusanyaji: Zena binti Omar. Akakichukua kile kikaratasi, akakisoma mwanzo hadi mwisho, akanirudishia. "Kibane sawasawa," akasema, "asije mjane mwingine akakitoa."

Tulicheka, Baba, tukacheka mpaka tukakaa chini. Halafu hatukuwa tunacheka tena. Nilikuambia yatakuja mwisho.

Ua lake sikulivunja wala sitalivunja. Nimeweka kikaratasi kimoja tu kwenye kioo: "Mahali: hapajulikani. Kapamba mkewe." Tukifika nyumbani, sanduku jipya litakaa pembeni, lina kipepeo mmoja. Mvua za masika zikikatika tutarudi kwenye kile kivuli, na kila mwaka tutarudi, mpaka tumwone au mpaka kisiwepo cha kuzunguka. Tukimpata, sitamwandika kwa jina lako. Hungekubali. Nitamwandika kwa jina la atakayemshika, na nionavyo mimi, atakuwa Mama.

Kwaheri, Baba. Mola akupe kivuli.

Mahali: Tezo, juu ya jiwe, kando ya kichaka.
Siku: hiihii, kabla hatujaondoka.
Mwandishi: Rukia, mwanao.