Mfuko wa Shati la Mutua

Mutomo, Jumamosi

Sijui nini kilinituma kukata shati la marehemu mume wangu nimshonee mama yake kofia ya jua. Mfuko wa kifuani nilitaka kuufumua, lakini fundi aliushona kama gunia la ndengu. Nimesumbuka mpaka nikauacha hapo mbele, nikauwekea maua ya leso pembeni.

Leo nimempelekea. Akaigeuzageuza kofia.

"Hili si shati la Mutua?"

"Ndilo, mama. Kama nimekosea..."

Alitoa kikopo chake cha ugoro, akakitia kwenye ule mfuko, akavaa kofia.

"Alikuwa ananibebea hapa hapa, pasta asione."

Tumecheka mpaka mbuzi wakashtuka. Afadhali ule mfuko ulinishinda.