Siku Zawadi Hakumwitika Mama Yake

Likoni, Alhamisi jioni. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa yadondoka kwenye mabati. Nguo nilizoanika juzi nimezirudisha ndani mbichi, zina harufu ya uvundo, na mimi mwenyewe leo sijioni tofauti nazo.

Tumefaulu. Ndivyo kila mtu alivyoniambia tulipotoka kwa chifu, na ndivyo nilivyomwandikia mume wangu kwenye simu. Nalitazama neno hilo na halinipendezi hata kidogo.

Niandike tangu mwanzo, huenda nikaelewa. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Zawadi nilimfundisha Baiolojia tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Alikuwa msichana wa kuuliza maswali mpaka kengele ya chakula ikalia, na wenzake wakamzomea kwa kuwacheleweshea ugali. Mtihani wa mwisho aliufanya kwa huruma ya mwalimu mkuu, aliyehangaika ofisi hii na ile ili jina lake lipokelewe bila cheti cha kuzaliwa. Akapasi vizuri. Chuo kimemwita akasomee uuguzi, na masomo yanaanza Septemba. Chuo kinataka kitambulisho, na Zawadi hana. Wala si kwamba amezembea kukifuata.

Mama yake alikuja kutoka Burundi akikimbia vita, msichana mdogo asiye na mtu, akapita nchi nzima ya majirani mpaka akaishia hapa kwetu. Zawadi alizaliwa Likoni hii hii, chumba cha uani kwa Bi Mishi wanamokaa mpaka leo, kwa sababu hospitalini waliogopa kuulizwa karatasi. Baba aliaga kwenda kwao kabla mtoto hajatambaa, na hajasikika tena. Sasa, kwa sheria yetu kuzaliwa hapa hakutoshi, lazima mzazi mmoja awe raia. Mama Zawadi hana karatasi ya huku wala ya kwao. Anauza njugu karibu na stendi, mtaa mzima unamjua, serikali peke yake ndiyo haimjui.

Bi Mishi ndiye aliyetoa shauri. Ni mjane, Mdigo wa hapa hapa, na nyumba ni yake. Alisema atakwenda kwa chifu, mbele ya wazee wanaowahoji waombaji wa kitambulisho, aseme Zawadi ni mwanawe wa kumzaa. Umri wao unakubali. "Mtoto huyu nywele za arubaini nimemnyoa mimi," aliniambia. "Leo nimwite wa nani?"

Mimi sikushtuka. Huku kwetu mtoto aliyekulia mlangoni pako ni wako. Akikosea unamchapa, ukipakua unampakulia, akiugua unakesha naye. Niliona tunatia kwenye karatasi jambo ambalo lipo tayari. Nilijiona hata mwerevu, maana nimeona watoto wengi wazuri wakiishia kuuza maji barabarani kwa kukosa kile kikadi, na niliapa huyu hatapotea.

Basi nikamwandaa kama nilivyokuwa nikimwandaa kwa mtihani. Jina la babu mzaa mama, jina la bibi, walikozikwa, shamba lao liko upande gani. Kidigo hakuhitaji somo, anakisema kuliko mimi niliyezaliwa Kisauni. Siku ya mwisho nikamwambia kwa sauti yangu ile ya darasani: "Mamako akitokea, usimtazame. Akikuita, usimwitike."

Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Sawa, mwalimu."

Leo asubuhi tulikaa kwenye mabenchi ya baraza ya chifu, mimi, Zawadi na Bi Mishi. Wazee walikuwa watatu, wote wa mitaa ya mbali, na karani wa chifu. Zawadi aliwaamkia shikamoo kila mmoja kwa nafasi yake, akajibu maswali yote, Kidigo kikatiririka, mpaka mzee mmoja akacheka kwa raha. Nilianza kupumua.

Mama Zawadi tulimwomba abaki nyumbani. Lakini Zawadi alikuwa ametoka bila kula, na mama ni mama. Nikamwona anaingia langoni, beseni la njugu kichwani limefunikwa nailoni, mkononi mahamri yaliyofungwa gazetini. Nadhani alisahau kila kitu alipomwona mwanawe. Akainua mkono.

"Zawadi! Wee Zawadi!"

Nilikuwa nimekaa karibu na Zawadi. Niliiona shingo yake inataka kugeuka na yeye anaizuia.

"Binti, waitwa," mzee mmoja akasema. "Ni nani yule?"

"Ni mama wa njugu tu."

Hilo "tu" sikumfundisha mimi. Yaliyolitangulia yote nilimfundisha.

Mzee akakunja uso. "Hata awe wa njugu. Mtu mzima akuita nawe wanyamaza? Mtoto wa Kidigo huyu? Ni nani aliyekulea?"

Mambo yote yalitaka kuporomoka pale pale, na Bi Mishi akawahi: "Ana haya, mzee wangu. Tangu jana hofu imemwingia, hata chai hakunywa."

Mama Zawadi alikuwa amesikia. Alibaki amesimama mvuani, mkono ungali juu. Kisha akaushusha polepole, akarekebisha beseni lake na kuanza kunadi. "Njugu! Njugu za moto!" Sauti yake ilitoka vizuri kabisa, kama siku zote. Yule mzee aliyekasirika akamwita, akanunua, na kwa ukarimu wake akatugawia sisi sote. Zawadi akapokea njugu za mama yake kwa mikono miwili, akamwambia ahsante. Mama akajibu, "Karibu, binti."

Tukazila.

Wazee wakamkubali. Jumatatu anatakiwa kwenda kuchukuliwa alama za vidole.

Njiani kurudi ndipo nilipoona upumbavu wangu. Laiti angeitika "abee," nani angeshuku? Kwetu mtoto humwitika kila mwanamke mtu mzima, awe mamake, awe shangazi, awe muuza njugu. Hata mpita njia akikuita unaitika. Nilikuwa na hofu kiasi cha kusahau adabu niliyolelewa nayo, nikamnyima mtoto neno ambalo lingemfaa yeye na lingemfaa mama yake. Lingemficha vizuri kuliko uongo wangu wote. Mimi ni mwalimu, na nilimfundisha mtoto asimwitike mama yake.

Nilirudi shuleni nikafundisha, sikumbuki nilifundisha nini.

Baada ya alasiri nilikwenda kwa Bi Mishi. Mama Zawadi alikuwa amekaa kwenye jamvi uani, chini ya paa la makuti, anachambua njugu za kesho. Nilijitayarisha kulaumiwa, na ningelaumiwa ningepata nafuu. Yeye akanikaribisha, akanisogezea kigoda, akauliza, "Amefaulu, mwalimu?"

"Amefaulu."

"Basi Mungu ni mkubwa." Akaendelea na njugu zake.

Bi Mishi alikuwa amejiegemeza mlangoni, leso kaivuta mpaka kwenye paji la uso. Hakuwa na ile furaha ya kwa chifu. "Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao," akasema bila kumtazama yeyote. "Leo msala nimekuwa mimi. Wallahi sikutaka iwe hivi."

Mama Zawadi akamwambia anyamaze, kwamba yeye hana deni naye wala kinyongo. Zawadi alikuwa chumbani tangu tuliporudi, hakula, hakutoka. Mama yake hakumwita. Nadhani aliogopa kuita.

Kisha pazia likasogea. Zawadi akatoka, akasimama mbele ya jamvi na mikono yake mbele kama anavyosimama mtoto aliyeitwa.

"Abee, mama."

Mama yake akainua macho. "Sikukwita."

"Uliniita asubuhi."

Siwezi kuandika sura ya yule mama ilivyokuwa, na nisingeandika hata kama ningeweza. Bi Mishi aliingia ndani. Mimi nililia, nalisema wazi, nililia kwa kwikwi kama mtoto.

Zawadi akakaa jamvini, akasema Jumatatu haendi. Hapo ndipo mama yake alipokasirika, mara ya kwanza kumwona hivyo. Alisema atakwenda, tena atatangulia yeye kumpeleka. "Kuitwa mama wa njugu kutaniua? Sikufa kwenye vita nife kwa hilo?" Alisema hakumzaa uani apate mtoto wa kukaa uani. Na ana haki. Nilitamani kumuunga mkono. Chuo kinaanza Septemba, hakimngoji mtu.

Zawadi alimsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akaniambia mimi, "Mwalimu, kila ninakokwenda nitaulizwa jina la mama. Chuoni, kazini, nikiolewa, nikizaa. Leo nimemkana mara moja tu na sikuweza kula. Mengine nitayawezaje?"

Nikakisogeza kigoda karibu na jamvi, nikaanza kuwaeleza.

Najua iko njia nyingine, na nilijua tangu mwanzo. Ni ndefu, ndiyo maana niliikwepa. Kuna mawakili kisiwani, ng'ambo ya feri, wanaosaidia watu wasio na uraia bila kuwatoza, na namba ya mmoja wao ninayo. Wako Wamakonde na Wapemba waliongoja miaka mingi kwenye pwani hii hii mpaka wakatambuliwa, kwa hiyo kutambuliwa si ndoto. Lakini kuomba ni kujitokeza, na mama huyu ameishi kwa kutojitokeza. Akisema mimi hapa, anaweza kusajiliwa, anaweza pia kufukuzwa. Na Zawadi anaweza kuikosa Septemba, na ijayo. Nimewaambia yote hayo bila kuyatia sukari. Nitakiandikia chuo kumwombea nafasi isogezwe. Wakikataa je? Sijui, na leo sitajifanya najua.

Mama Zawadi alichambua njugu zake mpaka zikaisha. Mwisho akasema anataka kumwona huyo wakili kwanza, amsikilize, kisha ndipo aamue. Jumatatu tumeiacha ipite. Kesho baada ya masomo tutavuka, sisi watatu, na Bi Mishi akasema hakuna wa kumwacha yeye nyuma, kwa hiyo tutakuwa wanne.

Nilipokuwa naaga nikatoa simu nimwandikie wakili kwamba tunakuja, na nilipofika mahali pa jina la mama nikakwama. Miaka yote hii nimekula njugu za mama huyu, nimemwita kwenye mikutano ya wazazi, nimemwamkia stendi asubuhi na jioni. Na nimepanga kumfuta kwenye maisha ya mwanawe bila kuwahi kumuuliza anaitwa nani.

Nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akajifuta mikono kwenye leso, akaketi vizuri kabla ya kulitamka. Ni jina refu la kwao, na nililikosea. Zawadi akanisahihisha, nikalirudia mpaka likakaa sawa.

Hapa siliandiki. Kesho atalisema mwenyewe.