Msichana wa Maziwa na Mpira Mweupe

Marahaba, mjukuu wangu Elibariki. Huku Kikatiti mguu wa bibi yako umepona, anakamua tena.

Unauliza kwa nini kwenye meza ya pool ukishatumbukiza mpira mmoja unakwama. Mimi ujanani nilikuwa hivyohivyo kule Kaloleni, nikijiona bingwa, hadi msichana muuza maziwa aliponipokea fimbo. Hakupiga kwanza. Alinyoosha kidole kuanzia mpira mweusi, wa mwisho, akarudi mmoja mmoja mpaka wa kwanza. Kisha akapiga taratibu, na kila mara ule mpira mweupe wa kugongea mingine ukatembea, ukasimama palepale alipotaka apigie unaofuata. Nikamuuliza:

"Umejuaje, dada?"

"Ng'ombe simtoi zizini kabla sijajua atalala wapi."

Nilimbebea dumu hadi stendi. Ndiye bibi yako. Mpaka leo najiuliza kama na mimi alishanipangia pa kusimama.

Babu yako